Historia ya Datsun Z na Hukumu ya Miaka Yake

Katika magari ya mbio yaliyoundwa baada ya vita vikuu vya pili vya dunia, ni machache yaliyozusha ubishi mrefu kama Datsun Z, gari la silinda sita lililotoka katika viwanda vya Nissan huko Japani mwaka 1969, likaendelea kuundwa kwa majina matatu na injini za ujazo mbalimbali hadi mwaka 1978. Kwamba gari hili ni zuri hakuna abishaye, maana watu zaidi ya nusu milioni walilinunua kwa fedha zao. Wabishanao huulizana ni mwaka upi uliotoa lililo bora kuliko yote, mmoja akiapa kwamba la kwanza ndilo Z la haki na yaliyofuata ni kivuli chake, mwingine akishikilia kwamba la mwisho, lenye injini kubwa na vyombo vya kisasa, ndilo lililotimia. Swali hili lastahili kujibiwa kwa insafu na kwa utaratibu wa historia, kwa kuwa kila mwaka wa gari hili una sababu zilizoufanya uwe ulivyo, na mtu atakayeuhukumu bila kuzijua sababu hizo atapotoka kama kadhi anayekata shauri kabla ya kuwasikiliza mashahidi.

Asili ya gari hili ni haja ya biashara iliyokutana na mapenzi ya watu wawili. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Nissan ilikwisha anza kuuza Marekani magari madogo ya wazi yaliyoitwa Fairlady, nayo yalisifiwa kwa uimara, lakini hayakuweza kusimama mbele ya Jaguar ya Uingereza wala Porsche ya Ujerumani. Yutaka Katayama, aliyekuwa akisimamia biashara ya Datsun Marekani, alitambua kwamba wateja wa nchi ile wangelipokea kwa mikono miwili gari lililofunikwa, lenye umbo la kuvutia na injini ya silinda sita, maadamu bei yake ingekuwa ya mtu wa kipato cha kawaida. Naye Yoshihiko Matsuo, mkuu wa wachoraji wa magari ya mbio huko Japani, akalichora umbo lenyewe: boneti ndefu, paa lililoteremka taratibu hadi nyuma, na taa za mbele zilizozama ndani ya mabati ya ubavuni. Japani gari likaitwa Fairlady Z. Katayama hakuridhika kuwauzia Wamarekani gari la mbio lenye jina la bibi, kwa hiyo huko likaandikwa 240Z, hesabu hiyo ikiashiria ujazo wa injini yake, ambao ni lita 2.4.

Yafaa tulitazame kwa karibu gari hilo la kwanza, maana ndilo kipimo cha yote yaliyofuata. Injini yake ilikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, upana wa silinda milimita 83 na mwendo wa pistoni milimita 73.7, kamshafti moja juu ya silinda hedi, na kabureta mbili za Hitachi zilizoundwa kwa mfano wa SU za Kiingereza. Kwa kipimo cha siku zile ilitoa nguvu za farasi 151, ikizunguka mara 5,600 kwa dakika. Gari zima lilikuwa na uzito wa kilo elfu moja na kidogo, na liliweza kufikia kasi ya kilomita 200 kwa saa. Kila gurudumu lilikuwa na springi na shokapu yake peke yake, breki za mbele zilikuwa za diski na za nyuma za dramu, na usukani ulikuwa mwepesi na msikivu. Bei yake Marekani ilikuwa dola 3,526, na kwa fedha hizo mtu hakuweza kupata kwa Jaguar wala kwa Porsche gari la silinda sita linalofanana nalo. Wateja walikuwa wengi kuliko magari, wakawa hawana budi kungoja zamu.

Hata hivyo, sifa za gari jipya aghalabu hufunika aibu zake, na Z la 1970 lilikuwa nazo kadhaa. Matundu ya kutolea hewa yaliwekwa katika mlango wa nyuma, na kwa kuwa mipira ya mlango huo haikuziba sawasawa, moshi wa eksozi uliweza kuvutwa ndani na kumfikia dereva. Difu ilikaa mbele kidogo kuliko ilivyopasa, hata shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma zikawa zinafanya kazi kwa upogo, jambo linaloharakisha kuchakaa kwa viungo vyake. Aibu kubwa zaidi ilijificha ndani ya injini yenyewe: katika magari ya mwanzo kabisa krenki haikusawazishwa vya kutosha, na injini ilipozungushwa kwa kasi kubwa ulitokea mtetemo ulioweza kuharibu klachi na flaiwili. Dereva wa kawaida huenda asiutambue, kwa kuwa ni nadra kuifikisha injini huko; walioutambua ni wanamashindano wa California, kikosi cha Peter Brock, ambao kazi yao ilikuwa kuishi katika mizunguko hiyo. Nissan ilipopata habari haikufanya inda. Ilitengeneza krenki nyingine iliyosawazishwa vizuri zaidi, na dereva wa kikosi hicho, John Morton, akatwaa ubingwa wa Marekani wa daraja lake mwaka 1970, kisha akautwaa tena mwaka 1971.

Kisa hicho cha krenki ndicho ufunguo wa kuielewa miaka miwili iliyofuata, kwa sababu kinaonyesha kiwanda kilichokuwa kikisikiliza na kujirekebisha kwa hiari yake. Mwanzoni mwa mwaka 1971 matundu ya hewa yaliondolewa katika mlango wa nyuma, yakahamishiwa kwenye nguzo za ubavuni nyuma ya vioo, yakafunikwa na nembo ya mviringo yenye herufi Z. Na hiyo hadi leo ndiyo alama ya haraka ya kuyatenga magari ya awali na yaliyofuata, kwani yale ya mwanzo yana maandishi 240Z mahali hapo. Kuelekea katikati ya mwaka huohuo difu ilirudishwa nyuma kiasi cha milimita 35, shafti zikanyooka. Giaboksi ikabadilishwa kwa nyingine iliyokuwa laini zaidi katika kuingiza gia. Na sehemu ya katikati baina ya viti ikapangwa upya. Silinda hedi nayo ilibadilishwa, mkandamizo wa injini ukashuka kidogo sana, na ndiyo maana wapenda mashindano wangali wakizitafuta hedi za mwanzo; lakini kwa mwenye gari la matumizi, hasara hiyo haikuwa kitu mbele ya faida alizozipata. Basi gari lililotoka kiwandani baina ya nusu ya pili ya mwaka 1971 na nusu ya kwanza ya mwaka 1972 lilikuwa na wepesi wote wa lile la kwanza, kabureta zilezile njema, na karibu kasoro zote za utotoni zimeondolewa.

Ni katika kipindi hichohicho ambapo gari hili lilikuja kwetu Afrika Mashariki kutahiniwa. Mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yalikuwa yakifanyika wakati wa Pasaka, msimu wa masika, ambapo dereva aweza kutoka katika vumbi la kuziba macho akaingia katika udongo mweusi uliogeuka uji, kabla hata ya kumaliza tangi la petroli. Katika barabara kama hizo umbo zuri halimfai mtu kitu. Kinachohukumu ni uthabiti wa bodi, ustahimilivu wa shokapu, na injini isiyokata tamaa. Mwaka 1971 Edgar Herrmann, mkazi wa Kenya mwenye asili ya Ujerumani, akiwa na msaidizi wake Hans Schüller, alishinda akiendesha 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi; na wa pili alikuwa Shekhar Mehta, kijana wa Uganda, naye akiwa ndani ya 240Z. Magari hayo yalikuwa yameandaliwa na kiwanda, yakaimarishwa kwa ajili ya safari, kwa hiyo hayakuwa sawasawa na yaliyouzwa dukani. Lakini bodi ilikuwa ileile, mpangilio wa springi ulikuwa uleule, na asili ya injini ilikuwa ileile. Mwaka uliofuata, katika theluji na barafu za Monte Carlo, Rauno Aaltonen wa Ufini akaiingiza 240Z katika nafasi ya tatu, msomaji wake wa njia akiwa Jean Todt, Mfaransa ambaye baadaye jina lake lingekuwa kubwa katika mashindano ya magari duniani.

Kufikia hapo historia ya gari hili ilikuwa historia ya fundi na kazi yake. Tangu mwaka 1973 mtu wa tatu aliingia kati, naye ni mtunga sheria. Marekani ilikuwa imepitisha mwaka 1970 sheria kali ya kusafisha hewa, na kila mwaka viwanda vilidaiwa kupunguza sumu zinazotoka katika eksozi. Kadhalika ilitolewa amri kwamba bampa za mbele za magari ya mwaka 1973 ziweze kuhimili mgongano wa mwendo wa maili 5 kwa saa bila taa na viungo vingine vya lazima kuharibika. Kwa kuitii amri ya pili, Nissan ilisogeza bampa nje na kuzitia vikinga vya mpira, uzito ukaongezeka. Kwa kuitii sheria ya kwanza, iliziacha kabureta zile zilizosifika, ikaweka nyingine zenye vifuniko bapa, zilizojaa vidude vya kudhibiti hewa chafu, nazo zikawa balaa. Katika siku ya joto, gari likiwa limetembea kisha likazimwa kwa muda, moto wa injini uliifikia petroli iliyomo ndani ya kabureta ikaanza kuchemka. Mwenyewe akirudi na kuwasha, injini hukohoa, husitasita, na pengine hukataa kabisa mpaka ipoe. Mafundi wengi waliishiwa na subira, wakazing'oa na kurudisha zile za miaka ya nyuma, na gari likaponywa papo hapo.

Ajabu ni kwamba mwaka huohuo wa 1973, ambao Marekani hutajwa kwa manung'uniko, kwetu ni mwaka wa fahari. Mashindano ya Safari yalikuwa yameingizwa katika ubingwa mpya wa dunia wa mbio za barabarani, na Shekhar Mehta, aliyekuwa amehamia Kenya baada ya Waasia kufukuzwa Uganda mwaka 1972, aliingia tena na 240Z, msaidizi wake akiwa Lofty Drews. Mwisho wa safari alijikuta amelingana kwa adhabu na Harry Källström wa Uswidi, aliyeendesha Datsun ya namna nyingine, na ushindi ukapewa Mehta kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Gari lililomshindisha halikubeba kabureta za sheria ya Marekani wala bampa zake. Hapa pana fundisho kwa kila alinganishaye miaka ya magari: mwaka peke yake ni ushahidi nusu, na nusu ya pili ni nchi ambayo gari lilikusudiwa. Chini ya tarehe moja kiwanda kimoja kiliunda gari lililokorofisha na gari lililotukuka, na kilichotenganisha mawili hayo ni forodha yalikokwenda.

Mwaka 1974 likaja jina la pili, 260Z. Mwendo wa pistoni ulirefushwa hadi milimita 79, ujazo ukafika sentimita 2,565, na muradi wa ongezeko hilo ulikuwa kurudisha nguvu iliyoliwa na vyombo vya kudhibiti moshi. Bodi ilikazwa zaidi, na pamoja na gari la watu wawili likatolewa jingine la viti vinne, ambalo umbali wa baina ya magurudumu yake ya mbele na ya nyuma uliongezwa sentimita 30, ili mwenye watoto asinyimwe raha ya kuendesha Z. Kabureta zenye ila ziliendelea kutumika Marekani, na kabla ya mwaka huo kwisha bampa zikakuzwa tena, hata uso wa gari ukaharibika kidogo. Huko 260Z ilidumu mwaka mmoja tu. Lakini nje ya Marekani iliuzwa mpaka mwaka 1978, na katika nchi zisizokuwa na masharti yale ilikuwa gari jema, lenye injini ya kuvuta na bodi imara.

Hapa sharti nisimame kidogo kueleza jambo linalowapoteza wengi. Mtu akitazama vitabu atakuta 240Z ya 1970 ina nguvu za farasi 151, na 280Z ya 1975, iliyo na injini kubwa zaidi, ina nguvu 149, naye atahitimisha kwamba miaka mitano ilikwenda bure. Hitimisho hilo ni batili, kwa sababu mizani zilibadilishwa. Zamani Wamarekani walipima nguvu ghafi, injini ikiwa juu ya meza ya majaribio, imevuliwa feni, kichujio cha hewa na eksozi ya kawaida. Tangu mwaka 1972 walianza kutangaza nguvu halisi, injini ikiwa imevaa mizigo yake yote kama inavyokaa ndani ya gari. Injini ya 1970 ikiwekwa katika mizani ya pili haiifikii 149. Kwa hakika, basi, 280Z ndiyo yenye nguvu zaidi kati ya zote zilizouzwa Marekani, na asiyefahamu tofauti ya mizani hizi mbili ataidhulumu.

Hiyo 280Z iliundwa kwa ajili ya Amerika ya Kaskazini peke yake. Silinda zilipanuliwa hadi milimita 86, ujazo ukawa sentimita 2,753, na jambo kubwa kuliko yote, kabureta zilitupwa kando zikachukuliwa nafasi na mtambo wa umeme wa kunyunyiza petroli uliobuniwa na Bosch wa Ujerumani. Mtambo huo hupima hewa inayoingia, kisha huamuru kila nozeli itoe petroli ya kadiri inayohitajika. Asubuhi ya baridi gari huwaka bila kubembelezwa, na katika milima mirefu halizidiwi na petroli kama kabureta zinavyozidiwa. Sheria iliyozaa maudhi ya 1973 ndiyo hiyohiyo iliyozaa nafuu ya 1975, na insafu yatutaka tuyaseme yote mawili. Ila uzito ulikuwa umepanda kwa zaidi ya kilo 200 juu ya gari la kwanza, na uzito huo ukaimeza ziada ya nguvu. Gari likawa tulivu na la starehe katika safari ndefu, hasa lilipopata giaboksi ya gia tano mwaka 1977, lakini katika kona za haraka lilikuwa limepoteza ule wepesi wa kugeuka mara moja unapoligusa usukani.

Yuko adui mmoja asiyebagua mwaka, naye ni kutu. Mabati ya Z yalikuwa membamba, kinga yake ilikuwa hafifu, na maji yalipata mifuko ya kujificha ndani ya bodi. Anayenunua leo na aanze kwa kuinua betri na kutazama sahani iliyoikalia, kwa sababu asidi na unyevu hukutana hapo. Kisha alale chini ya gari agonge reli za chesisi na sakafu kwa kitu kigumu, asikilize kama sauti ni ya chuma kizima au ya kilicholika. Kisha apapase sehemu za chini nyuma ya magurudumu ya mbele, na kingo za mlango wa nyuma. Gari la 1978 lililokaa katika barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, au katika upepo wa bahari, ni duni kuliko la 1970 lililokaa katika nchi kavu, na hapana rangi mpya iwezayo kulibadilisha jambo hilo. Baada ya hapo asome kibati cha mwezi na mwaka wa kuundwa, maana gari lililotoka kiwandani mwezi wa Septemba 1971 huandikwa la mwaka 1972, na wauzaji wengine huchagua tarehe iwafaayo.

Baada ya kuwasikiliza mashahidi wote hawa, hukumu yangu ni hii. Atafutaye thamani ya kumbukumbu, na mwenye uwezo wa kuilipia, ana haki ya kuchagua la 1970 lenye matundu katika mlango wa nyuma, mradi ajue kwamba ananunua heshima ya kwanza pamoja na kasoro za kwanza. Atakaye gari la kuendesha kila siku na kuvukia nchi, achukue 280Z ya 1977 au ya 1978, wala asione haya mbele ya wanaolidharau. La 1973 lisikataliwe kwa sifa mbaya pekee, kwani likirudishiwa kabureta za awali ni karibu sawa na ndugu zake wakubwa. Lakini ikiwa swali ni wapi ubora wa uundaji na wepesi wa mwendo vilikutana kwa ukamilifu zaidi, jibu ni 240Z iliyoundwa tangu katikati ya mwaka 1971 hadi katikati ya mwaka 1972. Mafundi wake walikuwa wamekwisha sikia malalamiko ya wanamashindano na ya wateja, wakayatenda yaliyowapasa kwa hiari na kwa ustadi, na hapakuwa bado na mtu aliyewalazimisha kuongeza kitu ambacho gari lenyewe halikukihitaji. Vipindi vya namna hiyo ni vifupi katika maisha ya kazi yoyote ya mikono, na kazi zilizotoka humo zastahili kutafutwa, kutunzwa, na kuendeshwa.